Siku Redio ya Zahanati Ilipokataa Kupeleka Sauti

Zahanati ya Kijiji,
S.L.P. 114,
Marangu, Moshi.

18 Aprili, 1996

Mpendwa kaka Ezra,

Shikamoo. Habari za Songea, na biashara ya mahindi inakwendaje? Kifua kile kilichokusumbua kimepona? Baba hajambo, bado anabishana na wadudu wa kahawa. Huku mvua hazikatiki. Mimi mzima, ila usingizi umenihama, na utaona kwa nini.

Kaka, mkeo yu hai. Nimelitanguliza hilo ili uweze kuyasoma mengine.

Jumanne asubuhi Winfrida alishikwa na uchungu, Baba akamleta kwangu zahanati. Nilipompima nikakuta mtoto amekingama, na mkono ndio umetangulia. Hapo muuguzi hana la kufanya, ni kisu cha daktari mjini. Nalo daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji, na pikapu ya jirani yetu Theodory imezama kwenye tope. Ilibaki ile redio yetu ya zamani ya mawasiliano, niwaite hospitali walete gari hadi ng'ambo ya mto.

Nikaiwasha. Nikawasikia watu wa hospitali wakiongea na kituo kingine, wazi kabisa. Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti, nikaita. Kimya. Nikaita tena na tena, wao wanaendelea na habari zao za dawa kana kwamba sipo.

Nilidhani ni betri, maana jua hatujaliona siku nyingi na sola haichaji. Kusikiliza hutumia umeme kidogo, kusema hula mwingi. Theodory akafungua betri ya pikapu yake, tukaifunga. Bado. Akapanda kwenye mti wa mgrivea kukagua waya wa antena. Mzima, haujakatika popote.

Wakati huo wanaume walikwishafunga machela. Baba akasimama mlangoni, akasema, "Tabitha, unahangaika na chuma na mke wa kaka yako anakwisha. Tumbebe."

Nilijua wakimvusha na gari halipo ng'ambo, atatufia njiani. Nikamjibu, "Baba, nipe muda kidogo. Nikishindwa, mbebeni."

Ndipo nikaona kitu. Kila nilipobonyeza, taa ya redio haikufifia hata kidogo. Ingekuwa inajaribu kusema, umeme ungeshuka na taa ingefifia. Kumbe redio haikujua hata kama nimebonyeza. Basi ubovu uko kwenye kipaza sauti au waya wake. Nikaupapasa ule waya mpaka unapoingia kwenye redio, nikahisi pamelegea. Nikapasua ganda kwa wembe: uzi mmoja umekatika ndani. Nikauunganisha, nikaufunga kwa plasta ya vidonda.

Nikabonyeza. Taa ikafifia. Nikaita, wakaitika.

Daktari akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mume wake yupo?"

Nikasema, "Hayupo. Mimi ni wifi yake."

Wanaume walimvusha machela ikiwa mabegani, maji yakiwafika kifuani, Baba katikati yao. Landrova ilikuwa inawasubiri. Alipasuliwa siku ileile. Mtoto ni wa kiume, analia vizuri, lakini mkono ule uliotangulia bado haushiki kitu. Wanasema tusubiri. Winfrida amepoteza damu nyingi. Mtori anakunywa vijiko vichache tu, anachoka.

Krismasi hukuja, kaka, nikakutetea kwa watu. Jana niliposhuka mjini kumwona, nilimwuliza mkeo kama ana neno nikuandikie. Akamtazama mtoto, kisha akasema, "Mwambie wamefanana, yeye na mwanawe." Hakuongeza lingine, nami siongezi.

Baba anakusalimu, na Theodory na mkewe Hilaria wanakusalimu pia. Mungu akulinde barabarani, maana barua hii ikikufikia naamini utakuwa unafunga mzigo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Tabitha