Kitita cha Miraa Baada ya Mchezo

Mama Kawira,

Baridi ya huku Kanja inauma, lakini binti yetu ananilisha vizuri, hata nikaanza kushuku. Jana jioni alinipeleka mjini Embu kuona mchezo wa kuigiza, pamoja na mwenzake wa kazini, Njiru, kijana wa Siakago. Kijana alinishikia koti, na kila nilipocheka naye akacheka. Nikajiuliza, huyu anataka nini?

Tukirudi na gari lake mvua ikatushika, radi juu ya radi, mpaka mti ukaanguka ukafunga barabara. Tukangoja ndani. Njiru akatoa kitita cha miraa kwenye majani ya ndizi, akanipa kwa mikono miwili. "Shika mzee, usije ukasinzia." Nikatafuna. Umeme ulipomulika nilimwona Kawira amejifunika mdomo, ndipo nikakumbuka. Kitita kama hicho ndicho nilimpelekea baba yako nikikuposa. Baba akitafuna, amekubali.

Kinachonisumbua si hicho. Watu wa Siakago wanatafuna muguka, majani matupu yasiyofungwa vitita. Kufunga miraa hawajui. Ile ilikuwa mbichi, ya kwetu Mikinduri, na kamba ina mafundo mawili upande mmoja, vile unavyofunga wewe. Tena ni wewe ulinisukuma nije kumtembelea mtoto.

Fagia boma, wageni watakuja. Kaa salama, mpenzi wangu, na usikimbilie kwa dada yako kabla sijafika.

Baba Kawira