Jina Langu Liko Kapolowe

Baba yangu mpendwa,

Nimerudi katika ofisi yako. Mvua za mwaka huu zimepenya kwenye bati zikaingia kabatini, na vitabu vya ubatizo vimelowa. Padri amenipa kazi ya kuvikausha. Anasema binti wa katibu wa parokia hafundishwi karatasi.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Wazazi walipanga foleni na watoto wao, watu wa mgodi, watu wa reli, akina mama wa sokoni, nawe ulimuuliza kila mmoja jina la mtoto mara mbili, mara tatu. Mimi nilikaa sakafuni kando ya meza, njaa ikiniuma, nikingoja umalize turudi nyumbani. "Ngoja, mama," uliniambia. "Habaandikake jina ya muntu mbiombio." Kisha ukachora herufi ya kwanza, kubwa, yenye mkia. Nilimwonea wivu kila mtoto aliyebebwa pale.

Kwa maana langu hukuliandika, Baba. Mama alijifungulia Kapolowe kwa bibi, na bibi hakumngoja mtu. Nikabatizwa hukohuko misioni. Kipaimara nilipata hukohuko, nikisoma kwa masista. Ndoa nikafunga Kakontwe, kwa watu wa mume wangu. Kila mahali katibu mwingine, mwandiko mwingine. Nilipokulalamikia ulicheka: "Weye uko mu roho yangu, kitabu ya nini?" Ya nini! Roho haifunguliwi ikasomwa.

Sasa habari imeenea kwamba vitabu vimeanikwa, na watu wanakuja kutafuta majina yao na kuyapiga picha kwa simu. Clémentine, jirani yetu yule anayeuza vitenge, alifika wa kwanza. "Yaya," akaniita, kama anavyomwita dada yake mkubwa, "ona vile papa yako aliandika jina yangu! Iko muzuri kupita minye mwenyewe!" Akalia, akacheka, akaniomba nimshikie simu. Nilimshikia, huku moyoni nachemka kama maji ya bukari yanayongoja unga.

Padri ameagiza hivi: ukurasa unaosomeka ubaki, usiosomeka unakiliwe upya na ule wa zamani uchomwe. Mwenye kuamua ni mimi. Na ukurasa wa Clémentine uko katikati ya hayo mawili. Wino umetawanyika, lakini jina linaonekana. Ningesema tu kwamba hausomeki, na yeye pia angebaki na mwandiko wa mtu mwingine. Usinifikirie vizuri, Baba. Nilitamani sana, na kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Kilichonizuia si utakatifu. Ningechoma jina lake, ningechoma na herufi zako, nazo haziongezeki tena. Nikalaza gazeti kavu juu ya ukurasa, nikaandika pembeni kwa penseli: unasomeka. Hata hivyo nilinuna mchana kutwa.

Kisha zamu ikafika ya kitabu cha wafu. Nikatafuta jina lako. Mstari wa mwisho ni wa mjane mmoja uliyemwandika mwenyewe, kabla hujaugua, na chini yake ni weupe mtupu. Nikafungua kitabu kipya, cha katibu aliyekufuata. Kinaanza na mzee aliyezikwa baada yako. Jina lako humo halimo. Parokia nzima ilikuja kilioni, kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye kuandika wafu ndiye aliyekufa.

Nilimwita padri. Akajishika kichwa. "Tulizoea yeye ndiye anaandikaka," akasema, akanisogezea kalamu.

Nimekuandika, Baba, jina lote, chini ya yule mjane. Herufi zangu ni mbaya, zinapanda kilima. Clémentine alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Akasogea, akasoma.

"Weye uko na bahati, yaya," akasema. "Minye papa yangu alikufa, mukono yangu haikumuandika hata herufi moja."

Hakuomba kupiga picha. Aliutazama tu mkono wangu, na jicho lile nalijua vizuri, maana nimeishi nalo tangu utoto. Sitakudanganya: nilifurahi.

Pumzika, Baba. Wivu wangu bado mzima, ila leo umeshiba.

Ni mimi, binti yako