Ghati Amerudi Kwangu Akiwa Mke wa Mtu

Jumatano, wiki ya tatu ya marathoni. Mugumu.

Jana mvua ilinyesha mpaka jioni. Leo asubuhi nimefungua duka nikakuta mbawa za kumbikumbi zimejaa kila mahali: kwenye kibodi, ndani ya trei ya printa, juu ya mitihani ambayo mwalimu anakuja kuichukua saa nne. Nimefagia, nimepuliza, nimefuta, bado zipo. Kuna mmoja umenasa kwenye kioo cha mashine ya kutolea kopi na kila nakala inatoka na alama yake.

Nina kinyaa leo. Si cha kumbikumbi. Kumbikumbi nawala.

Nina kinyaa na sura mbili za riwaya yangu ambazo sikuziandika mimi.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: sisi ni watu wachache wa Tarime na Serengeti, tuko kwenye kundi la WhatsApp, na kila mwaka tunapanga marathoni, yaani mwezi mmoja wa kuandika riwaya, kila mtu yake, kuanzia tarehe mosi mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna zawadi. Anayemaliza anapigiwa makofi ya kwenye simu, basi. Mimi nimeshindwa mara mbili. Mara zote niliishia katikati kwa sababu mhusika wangu alinichosha mpaka nikawa sitaki hata kumsalimia.

Mwaka huu nina Ghati. Ghati anaendesha fuso. Anabeba mahindi na vitunguu kutoka huku Mugumu hadi Sirari, anarudi na saruji. Anabadilisha tairi mwenyewe, kavaa ovaroli. Anaweza kubishana na askari wa barabarani nusu saa nzima na asitoe kitu. Hana mume na hatafuti. Nampenda kuliko ninavyowapenda watu wengi wenye damu na nyama, na nilijiapiza kwamba kwa ajili yake mwaka huu namaliza. Nikikwama tena, sitajaribu mwaka wa nne. Najijua.

Sasa, wiki ya tatu ndiyo wiki ya kukata tamaa, na Mama Neema anajua hilo. Mama Neema ni nesi mstaafu wa Tarime, ndiye anayetuongoza, na kila wiki anatuletea changamoto mpya ili tusilale. Wiki ya kwanza alitaka sura ambayo mvua inanyesha mwanzo hadi mwisho. Wiki ya pili alitaka sura ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kusema uongo. Hiyo niliipenda mpaka nikaunguza maharage. Wiki hii akaja na hii: toa mhusika wako mkuu akakae kwa mwenzako siku mbili. Mwenzako anamwandikia sura mbili. Akirudi, ni marufuku kufuta hata nukta. Unaendelea pale alipoachia.

Kura ikaniangukia mimi na Mwalimu Marwa, anayefundisha sekondari kule Sirari. Yeye anaandika habari za inspekta anayefukuzana na wezi wa ng'ombe.

Mimi nilimsoma inspekta wake kuanzia ukurasa wa kwanza. Niligundua anachechemea mguu wa kushoto katika sura ya pili na wa kulia katika sura ya saba, nikamwambia Marwa pembeni, kwa siri, asiaibike. Nikamuuliza inspekta anakunywa nini asubuhi, maana sikutaka kumpa uji kama ni mtu wa chai. Akanijibu, "Andika tu dadangu, usijisumbue hivyo." Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo.

Jana jioni akamrudisha Ghati.

Nilisoma nimesimama. Ghati amekutana njiani na mfanyabiashara wa ng'ombe anayeitwa Magige, mwenye kifua kipana na sauti nzito. Magige anamtazama. Ghati, ambaye katika sura yangu ya nne aliwatimua vibaka wawili kwa spana, magoti yanamlegea. Wazee wanakwenda kwao, ng'ombe wanatajwa, watu wanakubaliana. Sura ya pili inapoisha Ghati ni mke mdogo, kumekucha, na anamkabidhi mumewe ufunguo wa fuso. Kwa mikono miwili. Huku chozi la furaha likimdondoka.

Nilitamani kwenda kusukutua mdomo.

Kundi zima likalipuka kwa makofi. Kijana mmoja wa Robanda, anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii, akaandika, "Hatimaye Ghati amekuwa mwanamke." Mama Neema naye, Mama Neema ninayemheshimu, akaandika, "Marwa, umetisha." Mimi niliandika asante kwa sababu nimelelewa vizuri, nikaifunika simu juu ya meza. Baadaye Marwa akanitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nasikia redio na watu wanacheka: "Dadangu, usininunie bana. Huyo mtu wako alikuwa amekauka, ni gari na hasira tu. Mimi nimempatia nyumba. Si hata ungenitumia ya soda?"

Soda!

Ila hapa kwenye blogu sidanganyi. Kuna kipande kimoja katika zile sura kimeniuma kwa sababu ni kizuri. Ghati ameketi uani kwa mama yake Magige, anakula nyama ya kichuri, ile inayoungwa kwa majimaji machungu ya tumboni mwa mnyama, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, naye anaulamba. Nilimeza mate. Nilisikia ule uchungu kabisa kwenye ulimi. Nikafungua sura zangu zote kutafuta mahali Ghati alipokula, na sikupaona. Hajawahi kula. Nimemwendesha barabarani wiki mbili nzima bila kumpa hata chai ya rangi. Anaendesha, anabishana, anashinda. Nilikuwa sijaandika mtu, nilikuwa nimetengeneza bango, kama yale ninayochapa hapa dukani siku ya wanawake inapokaribia, yenye mwanamke aliyekunja ngumi. Kinyaa hicho ni changu mwenyewe, na kinanikera zaidi kwamba aliyenionyesha ni yule yule wa mikono miwili.

Leo yule mwalimu wa saa nne alipokwisha kuchukua mitihani yake, nikachapa sura za Marwa nyuma ya karatasi zilizoharibika, nikachukua kalamu nyekundu. Nilitaka kosa. Kosa lolote. Nilipekua mistari kama mtu anayemtoa mtoto chawa.

Nikalipata, na wala si dogo.

Katika posa, mzee wa upande wa Magige anasimama na kujitambulisha: "Sisi ni Abanyakeri." Sasa Abanyakeri hawapo. Ukoo huo niliutunga mimi, kwa sababu ukitaja ukoo wa kweli kwenye riwaya, kesho mtu anaingia dukani kuuliza kwa nini umesema babu zake walikuwa wachoyo. Abanyakeri wanaishi kichwani mwangu na katika sura yangu ya kwanza tu, ambako babu yake Ghati anajitapa nao huku akichinja mbuzi. Ni ukoo wa Ghati.

Marwa amemwoza Ghati kwa ndugu yake.

Nilicheka mpaka mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akadhani naicheka sura yake. Nikamwomba radhi. Akaondoka bado amenuna.

Halafu kicheko kikanigeukia. Maana Marwa ni Mkurya, tena wa kujisifia. Mwaka jana mdogo wake alipotaka kuoa, alituhadithia mwenyewe kundini jinsi alivyozunguka kwa wazee kuuliza huyo binti ni wa nani, baba wa baba yake ni nani, bibi yake alitoka wapi. Kwa binti wa kweli hawezi kukosea hivyo hata akiwa amelewa. Kwa Ghati alihitaji jina la ukoo, akavuta faili langu juu kidogo kwa kidole, akaliona moja, akalichukua. Hata ukurasa lilipokaa jina hilo hakuusoma. Alimvua ovaroli, akamwoza, akamliza, na hakumsoma. Hilo limenichefua kuliko ule ufunguo.

Na hapo hapo nikaona njia. Sheria inasema nisifute. Sihitaji kufuta! Namleta tu bibi yake Ghati, aliyechelewa harusi kwa sababu ya mvua. Anakaa, anapewa chai, anamuuliza baba yake Magige yeye ni mwana wa nani. Swali la pili, ndoa imekwisha. Ng'ombe wanarudi kwao, fuso linarudi kwa mwenyewe, na Marwa anaumbuka mbele ya kundi zima kwa maneno yake mwenyewe. Nikaandika haraka, karibu ukurasa mzima. Bibi alinitoka vizuri mno, ana kiburi, ana meno mawili na anauma nayo.

Nilipofika mahali wazee wanainuka na kukung'uta makoti yao, mkono ukasimama.

Hiyo sura naijua. Nilikuwemo. Nilikuwa jikoni.

Ni mwaka niliomaliza kidato cha nne, nyumbani Machochwe. Wageni walikuja, nikaambiwa nivae gauni la kitenge, niwapelekee soda na kuwasalimia. Nikasema shikamoo kwa kila mmoja, nikarudi jikoni. Huyo mposaji mwenyewe simkumbuki sura, namkumbuka viatu. Kupitia ukuta nikawasikia wakifika kwenye ng'ombe. Kisha bibi, mama yake baba, akaanza kuuliza mambo ya mababu, huyu kamzaa nani, yule alihamia lini. Mzee mmoja akasema, "Hii ndoa haipo. Hawa ni ndugu." Watu wakacheka, wakashukuru Mungu kwamba wameepushwa na balaa, wakamalizia nyama. Wakaondoka vizuri kabisa, kwa kupeana mikono. Mimi niliosha sahani.

Mama mpaka leo anaisimulia kila penye harusi, na watu wanavunjika mbavu.

Mchana huu nimempigia. Shikamoo, marahaba, ng'ombe wazima, mahindi yameota. Nikamuuliza, mama, siku ile, kabla bibi hajauliza, mlikuwa mmepanga kuniuliza mimi?

"Kukuuliza nini?" akasema. "Si bibi yako aliimaliza?"

Nikasema ndiyo, aliimaliza.

"Sasa wewe ulikuwa unataka nini tena?"

Akaniuliza kama Mugumu mvua imepiga, nikasema imepiga.

Huo ndio wokovu niliokuwa nataka kumpa Ghati. Atolewe kwenye ndoa na wale wale waliomwingiza, kwa hesabu zao, yeye akiwa chumba cha pili. Wangemwachia kwa sababu ya babu yake, na yeye asingefungua mdomo. Ningempiga Marwa bao zuri, kundi lingeshangilia, na Ghati angebaki anaosha sahani. Nimetoka nje kusimama kidogo kwenye matope.

Nikarudi, nikafuta ule ukurasa wa bibi. Huo ni wangu, naruhusiwa. Za Marwa nimeziacha zote, na chozi lake la furaha. Bibi atakuja, maana huwezi kuwaacha watu wa ukoo mmoja wakiwa mke na mume halafu msomaji wa huku ale ugali wake kwa amani. Ila atachelewa. Atafika Ghati akiwa ameshaondoka, aulize maswali yake yote ya ukoo, na wao kwa wao waaibishane. Kundini sitasema lolote kuhusu Abanyakeri, ngoja nione nani atagundua. Hapa naweza kulisema, kwa sababu Marwa hasomi blogu hii. Marwa hasomi.

Hii ndiyo changamoto kubwa kuliko zote za Mama Neema, na wala hajui kwamba ameitoa. Kumwandika mwanamke aliyekwisha kulegea magoti, aliyekwisha kulia kwa furaha, na bado akatae kesho yake asubuhi, bila kosa la mtu yeyote la kumsaidia. Sijui inaandikwaje. Magige hajampiga. Mama mkwe anapika vizuri.

Nimeanza kwa kumpa chakula. Hilo nimelichukua kwa Marwa na simlipi. Ameamka, amekula kiporo cha nyama na ugali wa mtama, amenawa. Halafu nikaandika: "Ghati akasema hapana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza."

Nikaisoma kwa sauti hapa dukani, mlango ukiwa wazi, nisikie inavyotoka. Nikalirudia lile neno peke yake, mara mbili tatu, kwa nguvu kidogo kuliko nilivyokusudia.

Fundi cherehani wa mlango wa pili akasimamisha mashine yake. "Hapana nini tena, dada?"

Nikamwambia hapana tu.