Shingo ya Bibi Mtungi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mafua yamekuachia? Na shemeji, mgongo wake umepoa au bado anainuka kitandani kwa awamu? Waambie wapwa zangu mjomba wao yu hai. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Ualimu umekuingia mpaka kwenye salamu. Leo nisikilize hadi mwisho.

Barua yako ya ziara nimeipata. Umesema unawaleta wanafunzi arobaini na wawili Ijumaa ya wiki ijayo, wapige picha ya pamoja chini ya Bibi Mtungi, wafupi mbele. Nilipomaliza kuisoma nilitafuta kalamu hapo hapo.

Bibi Mtungi unamjua: jiwe la mchanga mwekundu, kichwa kikubwa kama nyumba, shingo nyembamba. Tangu watu waamini kwamba ukiikumbatia ile shingo utapata mchumba, hapa hapakaliki. Mabasi yanamwaga watu tangu asubuhi, foleni inazunguka mpaka vyooni. Kila mmoja anakumbatia, anasugua shavu, na kabla ya kuondoka anakwangua kidogo kwa ufunguo apeleke kwao kumbukumbu. Jiwe lenyewe ukilisugua kwa kidole linatoa unga! Wameipenda ile shingo mpaka wameikondesha. Wachumba sijawaona bado, naona vumbi tu kwenye mashati.

Mwaka juzi alikuja mtaalamu wa miamba na vipimo vyake. Alisema watu wazuiwe hatua thelathini, maana kichwa kile hakitapiga hodi kikitaka kuanguka. Meneja wetu aliitikia kwa adabu zote, akafunga utepe. Utepe ulikaa siku mbili. Wageni walilalamika kwamba hawakusafiri kote huko kuja kutazama jiwe kwa mbali. Ukatolewa, na ripoti ikaingia kwenye droo.

Haukupita muda, kipande cha shingo kikamomonyoka, kikubwa kama mlango wa kabati. Meneja akaniita, akasema anajua mimi ni mwashi wa kweli, si wa kubahatisha, na kwamba ni dharura ya mara moja tu. Mjinga mimi, sifa zikanilevya. Nilichekecha mchanga wa pale pale chini ya jiwe, nikachanganya na saruji na udongo mwekundu, nikaziba, kisha nikapaka chai ya rangi iliyokolea kwa sifongo mpaka rangi zikafanana. Kesho yake watu walikumbatia saruji yangu hata haijakauka vizuri. Nilicheka peke yangu stoo, Mungu anisamehe.

Sasa ni kila Jumatatu, siku geti linapofungwa. Naziba ufa, unafunguka. Saruji haishikani na jiwe laini, inakaa juu juu kama utando wa maziwa. Haibebi chochote. Wiki hii mkono wangu umezama kwenye ufa mpaka kiwiko.

Utaniuliza kwa nini siondoki. Nilimwambia Meneja nimechoka kudanganya watu. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alinikumbusha taratibu kwamba hakuna karatasi yenye sahihi yake, na kwamba kichwa kikishuka watakaokuja watauliza mkono uliopaka ni wa nani. Nikiondoka, ufa utaonekana na nitatafutwa. Nikikaa, nazidi kuziba. Chumba changu kiko ndani ya uzio, na dirisha ni moja tu, linatazama ile shingo. Hata nikigeukia ukutani najua iko pale. Dada, nimejijengea jela kwa mwiko wangu mwenyewe.

Na lipo lingine, hili ndilo linaloniua. Mama alipokuja kunitembelea, naye alitaka picha. Alitazama juu, akauliza kama jiwe lile halianguki. Meneja alikuwa amesimama karibu, anatusikiliza. Nikamwambia Mama aache woga, fundi wa hapa ni mwanawe. Akacheka, akaikumbatia shingo kwa mikono miwili, nami nikapiga. Ndiyo picha iliyo sebuleni kwako, unayowaonyesha wageni. Nilimweka mama yetu chini ya uwongo wangu, kisha nikamwambia atabasamu. Nilimwogopa Meneja kuliko nilivyohofia uhai wa Mama. Tangu siku ile akinipigia simu nasingizia kazi.

Usiwalete watoto. Si Ijumaa, si siku yoyote. Lakini ukiwazuia wako tu, Jumamosi zinakuja shule nyingine tatu. Kwa hiyo barua hii usiichane. Ipeleke kwa wazazi, ipeleke gazetini, ipeleke polisi. Nimeandika mchanganyiko wote ili asitokee wa kusema umezusha. Jumatatu sitaziba. Najua atakayechukuliwa kwanza ni mimi, na najua wewe, utataka kunificha kama ulivyokuwa ukinificha nikivunja vikombe. Safari hii nakuomba usinifiche.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu, na walimu wenzako wanaonikumbuka. Mama msomee yote, usiruke pale penye picha. Ukimaliza, mpe shikamoo yangu. Asipoiitikia, usimlazimishe.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi