Drili, Grenda na Maji ya Bati

Newala

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limeacha kuuma, maana kaka aliniandikia kwamba ulikuwa unashuka mferejini kwa fimbo, na tangu siku hiyo nikikaa nakufikiria. Baba naye mfikishie shikamoo yake. Neema wangu msugue shavu kwa niaba yangu. Huku hatujambo. Baba Neema alishikwa na homa wakati wa kuokota korosho, lakini sasa anakula vizuri. Mama mkwe ni mzima na anakusalimu sana.

Mama, nina habari ambayo sijui niishike wapi. Basi naisema hivyo hivyo: nyumba yetu ina maji! Yako hapa hapa uani, chini ya miguu yetu, na nimeyaleta mimi kwa mikono yangu na kwa mashine zangu.

Mashine zenyewe huzijui, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo.

Niliteremka Masasi kwa semina ya walimu. Masasi ya sasa ungeiona, Mama. Zamani tulipanga foleni ya sabuni ya mche, lakini tangu ije hii ruksa ya kuagiza bidhaa nje maduka yamejaa mpaka barazani: redio za kaseti, pasi, majiko, vitu vilivyokwisha tumika huko Ulaya na Uarabuni. Katika duka la mfanyabiashara mmoja Mkinga niliona drili ya umeme, rangi ya bluu, imekwaruzika ubavuni. Nikasimama. Yule mwenye duka akaniuliza kwa adabu, "Fundi amekutuma drili ya ukubwa gani, mwalimu?"

Nikamwambia, "Fundi ndiye mimi."

Hakucheka. Aliichomeka kwenye umeme, akanipa kipande cha ubao, akasema nijaribu. Mkono ulitetemeka mpaka begani, unga wa mbao ukaruka, na ubao ukatoboka kama papai bivu. Nilirudi Newala na drili mapajani, semina yenyewe siikumbuki vizuri.

Umeme wetu hapa ni wa jenereta ya mji na unawaka jioni tu. Basi kila jioni nilitoboa kila kilichokubali kutobolewa. Nikaweka rafu jikoni, fimbo za mapazia, vyuma vya kutundikia taulo. Baba Neema aliona nimemwekea mahali pa kutundika kofia, na yeye hana kofia. Baadaye nikanunua grenda kwa fundi mmoja wa kule Mkunya aliyekuwa anahama. Hiyo inakata chuma huku ikirusha cheche kama fataki. Kisha Mkinga wangu akanitumia kwa basi msumeno mdogo wa umeme na mashine ya kupigia msasa. Zote nimezitundika stoo, kila moja na msumari wake, na nikitoka shule huwa napita kuziangalia tu. Walimu wenzangu wanaiita stoo ile karakana.

Sikukosa kesi. Jirani yetu ana banda la video, na nikiwasha grenda picha yake inasinyaa, watazamaji wanapiga miluzi. Alikuja amekasirika, na alikuwa na haki. Tukaelewana nifanye kazi umeme ukiwaka tu, kabla hajafungua, na nimtengenezee mabenchi. Sasa watu wake wanakaa juu ya misumari yangu na yeye ndiye anayenisifu mtaani. Baba Neema naye mwanzoni alilalamika kwamba hajui kama amerudi nyumbani au gereji. Sikubishana naye. Halafu jioni moja nikamkuta stoo peke yake, ameshika drili isiyochomekwa, ameilenga ukutani kama mwindaji. Nilirudi nyuma kimya kimya ili asione haya.

Sasa nije kwenye maji. Ulipokuja kumchukua Neema, hata kutembea hajaanza, uliona hali yetu. Kule kwenu mfereji unapita nyuma ya jiko; hapa juu mvua ikiisha, wanawake wanateremka bondeni na kupanda mlima na ndoo kichwani, na wakati mwingine wanayopata ni tope. Maji hayo ndiyo yaliyomlaza mwanangu. Ulipombeba mgongoni, akiwa mwepesi vile, ulisema utamrudisha siku nitakapokuwa na maji safi mlangoni. Sikukujibu, Mama, kwa sababu sikuwa na jibu.

Uani mwetu kuna tangi la chini ya ardhi, aliliacha mwenye nyumba wa kwanza. Lilikuwa limepasuka na halikushika hata kikombe. Wote walisema limekufa. Kiangazi kilipoanza niliingia ndani kwa ngazi, na Baba Neema akanishikia taa na waya juu. Kila ufa niliufungua kwa grenda mpaka kwenye zege gumu, nimejifunga khanga puani, natoka mweupe kama aliyeangukia unga. Tukasafisha, tukajaza saruji, tukapiga plasta, tukamaliza kwa kupaka nili, ule uji wa saruji tupu wa kuzuia maji. Baada ya hapo nikakata bati lisilo na migongo, nikalikunja kuwa mifereji ya kukinga maji ya paa, nikatoboa mbao za kingo na kuifunga kwa vyuma. Kwenye kutoboa, Baba Neema aliniomba na yeye ashike drili. Sikuipata tena mpaka umeme ulipozimwa.

Mvua ya kwanza ilikuja wakati wa mchana. Tulitoka wote kutazama. Maji yakakimbia mfereji mzima vizuri, lakini yakaelekea upande usio wenyewe, yakamwagika yote kwenye jiko la mama mkwe na kuzima moto wake. Nilikuwa nimeukosea mwinamo. Mimi, mwalimu wa hesabu! Nilitamani ardhi inifiche. Mama mkwe alitoka na sufuria ya ugali mkononi, akautazama mfereji, akanitazama. Akasema, "Maji yamekubali kuja. Wewe yaonyeshe njia."

Nilifungua vyuma vyote, nikaanza upya, mara hii kwa uzi na chupa ya maji ya kupimia usawa. Mvua iliyofuata tuliacha ioshe kwanza bati, kisha nikaelekeza bomba tangini. Tulisikia maji yakianguka chini gizani, sauti nzito, yanaanguka tu. Baba Neema alinishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Tulipofungua kifuniko siku ya pili maji yalikuwa yamepanda hadi nusu ya ngazi. Mama mkwe alichota ndoo ya kwanza. Tangu utotoni kule Kitangari amebeba maji kichwani, hata nywele za utosini zimepungua. Akaiinua ile ndoo, akaimwaga yote miguuni mwake, polepole, bila kuosha chochote. Kisha akachota nyingine, akaenda kupika.

Wiki zimepita na tangi halijavuja. Ya kunywa nachemsha, nachuja, usiwe na wasiwasi. Mtihani wa kweli ni kiangazi, najua, lakini limejaa hadi shingoni na mvua bado inanyesha.

Kwa hiyo, Mama, sasa nakujibu. Mlete Neema. Nimemtengenezea kitanda, nimekipiga msasa mpaka mkono ukipita juu yake hausikii kitu. Kaka aliandika kwamba mtoto anakuita wewe mama. Nimelisoma neno hilo mara nyingi na sina kinyongo nalo, umelistahili. Usimlazimishe. Mwulize tu, na mje wote wawili, ukae nasi mpaka azoee. Akikataa kabisa, nitakuja mimi likizo, nikae naye huko, tuanze kujuana. Hapa Newala kila mtu ananiita Mama Neema, na wengi hawajawahi kumwona mtoto mwenyewe.

Nisalimie shangazi na watoto wake, kaka na shemeji, na yule babu jirani anayetuchongea mipini ya majembe; mwambie sasa kuna mjukuu wake mwingine katika kazi hiyo. Baba Neema anasema salamu zake mzipokee kwa mikono miwili.

Nakaa nikisikiliza mlio wa basi litakalowaleta.

Ni mimi mwanao,
Elieshi