Simba wa Shilingi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Temeke hatujambo, ila mama yako bado anakohoa.

Unauliza kama sarafu moja itazilinganisha nchi zetu. Enzi za Mwingereza tulikuwa nayo, sie na Kenya na Uganda: shilingi yenye simba. Baba yangu akiwamba ngozi za mbuzi uani zikauke, zikipelekwa Nairobi kwenye viwanda, zikirudi viatu. Siku moja dukani alikinusa kiatu, akacheka kwa uchungu: "Mbuzi wetu huyu! Katoka hapa maskini, karudi bwana." Bei ikamshinda.

Simba yule yule alilala Nairobi. Kwetu alikuwa akipita tu. Waulize wakubwa zako wa kazini, wanaoipanga sarafu hiyo, viwanda vitajengwa wapi.

Baba alikufa nyayo zake ngumu kuliko zile ngozi.

Bibi yako, Mwanahawa