Nyungu ya Mbegu na Batu ba Macho

Mulekera, hapa Beni, kwa binti yangu

Kavira, bibi ya mutoto wangu Kambale,

Nakusalimia wewe na bwana yako na batoto. Muko bazima? Mugongo ya Kambale ilipona? Na ile mbuzi mweusi ilizaa, ao inakula majani yetu bure tu? Mimi niko muzima. Ukiona mistari ya hii barua inaanguka, usicheke. Masista balinifundisha kuandika miaka mbili tu. Wewe ulisoma tano, na unaandikaka kama kuku anakwaruza.

Hapa barebelle, bale baasi, balienda, basoda ba bunduki balibaki, na kila soda anasema yeye ndiye serikali. Hiyo nilizoea. Lakini juma hii ilituletea ugonjwa ingine: batu ba université.

Balishuka kwa camion na mavalise na makoti meupe, bakajipanga mu lupango, ule uwanja wa masomo ya misioni. Kapita, mukubwa wa mutaa, akazunguka akiita kila mutu, kuanzia mutoto wa kunyonya mpaka muzee wa fimbo, baende kuangaliwa macho. Nikamuuliza: "Banaleta dawa gani?"

"Dawa hapana, Mama. Banachunguza tu."

Banachunguza! Donc, ni kusema, balitoka mbali yote ile kuhesabu vipofu ba kwetu, kama mutu anayehesabu mbuzi za jirani kisha anarudi kwake kulala. Nikaenda. Nilitaka kuona bajinga na macho yangu mwenyewe.

Balipitisha kitambaa chekundu mbele ya mutoto wa kunyonya. Akalia. Bakaandika. Balifungua macho ya catéchiste muzee na vidole, kama ni ng'ombe ya soko. Bakaandika. Na sisi tusiojua kusoma vizuri, balitutundikia karatasi ya alama moja tu, kama ile kanya, uma bazungu banakulia nyama, kubwa juu, ndogo chini. Uonyeshe na mukono: meno ya kanya inaangalia wapi? Mimi niliyekula na vidole tangu kuzaliwa!

Mbele yangu kulikuwa bamama sita. Nikatega sikio. Juu, kuume, chini, kushoto, chini, juu. Unajua kichwa yangu, misa yote niliishika na Kilatini yake bila kitabu. Zamu yangu ikafika. Kijana mumoja wa Léopoldville, ndevu bado kuota, akaniambia kwa Lingala: "Koko, kanga liso moko," ni kusema: mama muzee, funga jicho moja.

"Ongea Swahili," nikamujibu. "Hapa si kwa mama yako."

Akanifunika jicho ya kuume yeye mwenyewe. Karatasi ikawa nyeupe yote, Kavira, kama ukungu ya kwetu kule Kasugho asubuhi. Nikasema kwa nguvu: juu, kuume, chini, kushoto, chini, juu.

"Malamu, Koko. Lisusu." Ni kusema: vizuri, tena.

Nikarudilia bila kukosa hata moja. Bamama ba nyuma bakapasuka kucheka. Kumbe ule kijana alikuwa amegeuza karatasi kichwa chini, na mimi sikuona hata mukono wake ikipita.

"Koko, hii jicho iko na wingu. Ilianza lini?"

"Ilianza uliposhuka kwa camion."

Akafunika ile ingine. Na hiyo ya kuume niliona mistari mbili ya juu, basi. Akaandika. Nikamuuliza sasa atanipa nini. Akanijibu kwa heshima, na hiyo heshima iliniuma kuliko matusi, kwamba bao banaandika tu; docteur wa kuondoa wingu labda atatumwa siku ingine. Angalia masomo! Anakuambia nyumba yako inaungua, anaandika moto kwa karatasi, anapanda camion.

Nilirudi nikitukana njia muzima. Kufika kwa binti yangu wa kuzaa, ninakokaa hapa Mulekera, nikaomba maharagi kwa lungo, ule ungo wa kupepetea, nimuonyeshe kama bale ni bajinga. Nikachagua: nzuri huku, ya badudu kule. Binti yangu akapitisha kidole kwa zile nzuri zangu. Akatoa moja, akatoa ingine, tena ingine, zote na matundu. Kisha akasema polepole: "Mama, na mbegu ya Kasugho?"

Donc tuongee. Ile nyungu ya mbegu ya maharagi niliifunga na majivu kule Kasugho mbele ya kukimbilia hapa Beni, nikakuambia hakuna mukono itakayoifungua mpaka nitume neno, kwa sababu mbegu ya nyumba inachaguliwa na mama mukwe. Neno ndiyo hii. Ifungue. Mwaga yote kwa kirago, kwa jua, uchague upya moja moja. Mavuno barebelle balikula. Ile nyungu ndiyo ilitubakia, na mvua iko karibu.

Na ule musimu maharagi ilikataa kuota, nilisema mbele ya bamama ba kanisa kama mukono wako ni mubaya, unaua udongo. Hapana. Ile mbegu nilichagua mimi, na hii macho ya wingu. Usome hii mustari mbele yao kwa sauti, mara mbili, na yule jirani wa kucheka-cheka akuwe karibu. Usiongeze neno. Na usilie, unaliaka vibaya.

Barua nampa muchuuzi wa chumvi wa Butembo. Umupe chakula, lakini asikae. Salimia Kambale. Salimia shemeji yangu muzee, umuambie pombe ya ndizi haiponyeshe magoti. Salimia mama yako, aliyekulea na mukono muzuri. Njia ikifunguka nitarudi, nikae pembeni ya lungo yako.

Mama mukwe wako Masika,
mwenye nusu ya jicho na mudomo muzima